Asili ya neno si kibali cha kumwita mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya Barua za Wasomaji nijibu hoja ya msomaji mwenzangu wa Moshi, aliyeandika kwamba neno "Mnegro" halina ubaya wowote kwa sababu limetokana na neno la Kihispania na Kireno lenye maana ya rangi nyeusi, na kwamba Watanzania wanaolikwepa wanabeba ugomvi wa Wamarekani usiowahusu. Barua yake ilikuwa ya heshima na ilionyesha kuwa ni mtu anayesoma, kwa hiyo inastahili jibu lenye uzito uleule. Kuhusu asili ya neno hilo yuko sahihi kabisa. Tunachotofautiana ni kwamba yeye anaiona asili hiyo kuwa inatosha kumaliza shauri, na mimi naona haitoshi, na naamini sisi wa Arusha na Moshi tuna ushahidi wa jambo hili uliotuzunguka kuliko watu wengi, kwa kuwa limeamuliwa mahakamani katika mji wetu na tunalisikia vinywani mwetu kila siku.

Neno hilo lilipokuwa jina la heshima nchini Marekani, heshima yake ilipiganiwa. Msomi na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, W.E.B. Du Bois, na wenzake walidai kwa miaka mingi liandikwe kwa herufi kubwa kama yanavyoandikwa majina ya watu wengine, na gazeti la New York Times likakubali kufanya hivyo mwaka 1930. Martin Luther King alipouhutubia umati mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963 alilitumia mara nyingi, na waliomsikiliza walilipokea kama jina lao. Lakini ilipofika mwaka 1966, vijana waliomfuata mwanaharakati Stokely Carmichael walikuwa wamekwisha kuanza kulikataa, wakisema ni jina walilobandikwa na watu waliowamiliki mababu zao, nao wakachagua kujiita Weusi, neno ambalo kwa wengi katika kizazi cha wazazi wao ndilo hasa lililokuwa tusi. Mwaka 1988 Jesse Jackson akahimiza jina la Wamarekani wenye asili ya Afrika. Fomu ya sensa ya mwaka 2010 bado ilikuwa na lile neno la zamani, kwa maelezo kwamba wapo wazee waliojiita hivyo, malalamiko yakawa mengi, idara ya sensa ikatangaza kuliondoa, na mwaka 2016 Rais Barack Obama akatia saini sheria iliyolifuta katika sheria za shirikisho.

Katika safari hiyo yote asili ya neno haikubadilika hata kidogo. Mwaka 1930 lilitokana na rangi nyeusi, na mwaka 2016 lilitokana na rangi nyeusi. Kilichobadilika ni mambo yaliyotendwa huku likitamkwa: vibao vya milango ya kuingilia, mabenchi yaliyotengwa, risiti za mnada, amri za polisi. Mtu aliyelisikia zaidi kwenye mimbari ya kanisa lake aliweza kulipenda hadi kufa kwake, na mjukuu wake aliyelisikia zaidi likitoka kwa watu waliomzuia kuingia shule akalichukia, na sioni namna ya kusema kwamba mmoja wao alikosea kuhusu maana ya neno lililokuwa lake.

Ni kweli kwamba katika magazeti na vitabu vya Kiswahili vya zamani "Wanegro wa Amerika" lilikuwa jina la kawaida, na walioandika hivyo wengi wao waliandika kwa mshikamano. Sina nia ya kuwalaumu, wala sipendi maandishi yao yafanyiwe marekebisho leo, yabaki yalivyo. Lakini hoja ya kwamba ugomvi huu uko mbali na sisi siikubali, hasa kwa mtu anayeishi Kaskazini. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, mjini Kansas City, alihamia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajenga makazi yake Imbaseni, mwendo mfupi kutoka Arusha mjini, na wapo Wamarekani weusi wengine waliomfuata katika mkoa huu. Hicho ndicho kizazi kilicholikataa jina hilo kwa sauti kubwa kuliko vyote. Hawa ni watu tunaokutana nao sokoni. Mtu akiwa jirani yako, na amekuambia jina ambalo hataki kuitwa, suala la neno hilo lilitoka Ureno au Hispania halina tena nafasi katika mazungumzo yenu.

Msomaji mwenzangu anaweza pia kuliona jambo hili pasipo kufikiria Marekani kabisa, kwa kutembea hadi jengo la ushirika wa kahawa wa KNCU katikati ya mji wake. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga wakiongozwa na Joseph Merinyo waliunda chama cha KNPA kulinda kahawa yao ya arabika, wakati walowezi walipotaka Waafrika wakatazwe kuilima, na mwaka 1933 chama hicho kikazaa KNCU tunayoijua. Katika majina ya vyama vyote viwili imo herufi N, nayo ni ya neno "Native". Katika Tanganyika ya wakati huo neno hili lilikuwa neno la sheria. Sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji ilikuwa nalo katika jina lake, na aliyehesabiwa kuwa "native" alijua kwa neno hilo atatawaliwa na nani na atashtakiwa katika mahakama ya aina gani, tofauti na Mzungu na Mhindi waliokaa mji uleule. Wakulima wale walilichukua neno la mtawala wakaliweka juu ya maghala yao wenyewe, wakauza kahawa yao kwa jina hilo. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na chama kilipoandikishwa upya mwaka 1984, wanachama walikuwa na nafasi nzuri ya kuiacha ile N, lakini kilirudi nayo. Vivyo hivyo chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909, kina herufi C inayosimama badala ya neno "Colored", ambalo leo hakuna Mmarekani mwenye adabu anayemwitia mtu, na hakijaibadilisha.

Hakuna Mchaga anayepita mbele ya jengo la KNCU akajiona ametukanwa. Lakini mgeni akishuka kwenye ndege KIA, akamgeukia mzee wa Machame aliyekuja kumpokea mwanawe, akamuuliza kwa Kiingereza kama yeye ni mmoja wa "natives", mzee huyo atajua mara moja amepewa daraja, na atajua ni daraja la chini. Neno ni lile lile, mkoa ni ule ule, na huenda mzee ni mwanachama wa ushirika huo huo. Jina la chama limebebwa na wenyewe na kazi waliyoifanya wenyewe kwa miaka mingi. Mgeni analitamka akiwa amesimama pale aliposimama mkuu wa wilaya wa wakati wa ukoloni, hata kama hana habari hiyo.

Linapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, jambo linakuwa gumu zaidi, na hapa naona msomaji mwenzangu ana sehemu ya haki. Wapenzi wa ligi ya Uingereza, ambao huku kwetu ni wengi, watakumbuka kesi mbili. Mwezi Desemba 2011 Luis Suárez wa Liverpool alifungiwa mechi 8 kwa maneno aliyomwambia Patrice Evra wa Manchester United, na utetezi wake ulikuwa kwamba neno "negro" katika Kihispania cha Uruguay ni neno la kawaida ambalo hata marafiki huitana. Jopo lililosikiliza shauri liliwaita wataalamu wa Kihispania cha Amerika Kusini, na wataalamu hao hawakukataa kwamba neno hilo linaweza kuwa la kirafiki huko. Walieleza kwamba kama lilitumika kwa namna alivyoeleza Evra, katikati ya ugomvi na kwa kurudiarudia, basi hata mjini Montevideo lingekuwa la kuudhi. Miaka tisa baadaye Edinson Cavani, naye wa Uruguay, alimshukuru rafiki yake mtandaoni kwa neno la upendo lenye mzizi huohuo, akafungiwa mechi 3 na kutozwa faini ya pauni 100,000. Wasomi wa lugha nchini kwake walipinga adhabu hiyo, na mimi nadhani walikuwa na hoja. Suárez alimwambia mpinzani, Cavani alimwandikia rafiki aliyelipokea kwa furaha, na kuwahukumu wote wawili kwa orodha moja ya maneno yaliyokatazwa ni kufanya kosa lile lile la kuangalia neno bila kuangalia watu. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba tuchukue orodha ya London au New York tuibandike ukutani. Nasema tuangalie nani anasema, nani anaambiwa, na nini kimewahi kutendwa kwa neno hilo.

Tunalo neno "kafiri" lililotoka Kiarabu, na kwa Mswahili ni neno la dini. Linaweza kuwa kali, lakini halina habari ya rangi. Kupitia wafanyabiashara wa Kiarabu na mabaharia wa Kireno lilifika kusini, walowezi wakalifanya jina la Mwafrika yeyote, Waingereza wakaziita vita vyao dhidi ya Waxhosa kwa jina hilo, na leo nchini Afrika Kusini ni tusi zito kuliko yote: mwaka 2018 mahakama ya huko ilimhukumu mwanamke kifungo cha gerezani kwa kuwatukana polisi kwa neno hilo. Tunalo vilevile "Bantu", ambalo mzizi wake ni "mtu", na ambalo wanaisimu wa karne ya 19 walilichagua kuwa jina la jamii ya lugha zetu. Mwanafunzi wa Arusha anaandika kwenye mtihani kwamba Wameru na Wachaga ni Wabantu na anapewa alama. Mwambie mtu wa Soweto aliyesoma chini ya sheria ya elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 kwamba yeye ni Mbantu, na utaona uso wake unabadilika. Neno lenye maana ya watu liligeuzwa kuwa jina la wale walionyimwa utu, na hilo peke yake lingetosha kujibu hoja ya asili ya neno.

Wala si wanyonge tu ambao majina yao huchafuka. Makaburu walifika Arusha mwanzoni mwa karne ya 20 wakati wa utawala wa Wajerumani, wakapewa mashamba pande za Meru na Oldonyo Sambu, na "Kaburu" lilikuwa jina la taifa lao tu. Baada ya miaka ya siasa ya ukombozi, hotuba za redio na mapambano ya kusini, neno hilo leo kwa Kiswahili ni sifa ya ukatili, hata mwenye nyumba Mtanzania anayewanyanyasa wapangaji wake huitwa kaburu. Mjukuu wa mlowezi ambaye hakumdhulumu mtu analirithi kama lilivyo.

Ndugu Mhariri, sehemu ya ushahidi inayonigusa kuliko zote ilitolewa hapa mjini, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa kuanzia mwaka 1995 hadi mwisho wa mwaka 2015. Wengi wetu tuliikumbuka kwa magari yake meupe na kwa kodi za nyumba zilizopanda, na sidhani kama tumeitafakari vya kutosha kazi iliyofanywa mle ndani kuhusu maneno. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji walilazimika kuamua ni lini maneno ya mtu yanakuwa uchochezi wa wazi wa mauaji ya kimbari, wakati maneno yenyewe yalisemwa kwa Kinyarwanda na baadhi yake kwa mafumbo. Walimsikiliza mtaalamu wa lugha aliyeeleza jinsi maneno hayo yalivyoeleweka na Wanyarwanda wakati ule, na wakafikia uamuzi kwamba uwazi wa kauli hupimwa kwa utamaduni na lugha ya wale walioisikia, kwa kuwa kauli inaweza kuwa ya wazi katika nchi moja na isiwe hivyo katika nchi nyingine.

Tarehe 3 Desemba 2003 ikafuata hukumu ya kesi ya vyombo vya habari, iliyowahusu waliokuwa nyuma ya redio RTLM na gazeti la Kangura. Neno "inyenzi" lilisikika mara nyingi katika kesi ile. Maana yake ni mende. Katika miaka ya 1960 lilikuwa jina la wapiganaji waliokuwa wakivuka mpaka usiku kushambulia, na wapo wanaosema kwamba wapiganaji wale wenyewe walilibeba kwa fahari. Kufikia mwaka 1994 lilikuwa linatangazwa redioni kumaanisha Mtutsi yeyote, mkulima, mwalimu, mtoto mchanga, na kila aliyelisikia alijua mende hufanywa nini. Mtu angeweza kusimama kizimbani akaeleza asili ya neno hilo kwa usahihi kamili, kwamba ni jina la kikosi cha zamani na wenyewe waliwahi kulikubali. Majaji walitazama neno lilivyotumika, nani alilitumia dhidi ya nani, na watu walifanya nini baada ya kulisikia. Sioni kwa nini kipimo kilichotosha kwa jambo kubwa kiasi hicho kisitutoshe sisi tunapoandika habari za kawaida gazetini.

Na tukikitumia, tutaanza na sisi wenyewe. Mimi ni mkufunzi wa waongoza watalii, na katika kazi hii nasikia majina ya watu yakitamkwa mbele ya wageni kutoka asubuhi hadi jioni. Mjini Arusha zipo ofisi za utalii zinazotangaza ziara ya Ziwa Eyasi ya kuwaona "Bushmen", zikimaanisha Wahadzabe. Neno hilo walilianzisha walowezi wa Kiholanzi huko Rasi ya Tumaini Jema kwa ajili ya wawindaji waliowakuta kule, watu ambao lugha yao, ijapokuwa ina sauti za kidoko, wataalamu hawajathibitisha kuwa ina undugu wowote na Kihadza. Kwa maneno mengine tumechukua jina la dharau la watu wengine, kutoka nchi nyingine, tukawapa Watanzania wapatao elfu moja na kidogo ambao jina lao wanalo. Hapo awali vitabu vyetu viliwaita Watindiga, nalo si jina lao wenyewe.

Katika ziara hiyohiyo wageni hupelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga. Nilikuwapo siku moja mwanafunzi wangu, kijana hodari, alipokuwa akiwatafsiria wageni. Mhunzi alikuwa amechutama mbele ya shimo la makaa, mkewe akivuta na kusukuma viriba vya ngozi, na ndani ya chungu kidogo kufuli kuukuu na koki za bomba zilikuwa zinayeyuka ili zimiminwe kuwa bangili. Kijana akasema kwa Kiingereza, "hawa ni Mang'ati." Mhunzi hakuwa akijua Kiingereza, lakini neno hilo alilijua. Aliinua uso, akasema kwa Kiswahili, pole pole na bila hasira, "Sisi Wadatoga," kisha akaendelea na kazi yake. Wageni hawakutambua lolote. Mwanafunzi wangu alinieleza baadaye, kwa dhati, kwamba hilo ndilo jina alilolisikia tangu utotoni na kwamba hakujua kuwa kuna jingine.

Mang'ati ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Wadatoga waliishi Ngorongoro kabla ya kusukumwa na Wamaasai katika karne ya 19, na hadi leo wana makaburi ya wazee wao ndani ya kreta. Mzee wa Kimaasai akikuambia kwamba jina hilo lina heshima ndani yake, kwamba ni adui anayestahili kupigana naye, mimi namwamini, kwa sababu katika Kimaasai na kwa kumbukumbu ya vita vile linaweza kuwa hivyo. Lakini lilipoingia Kiswahili liliiacha heshima hiyo huko lilikotoka, likabaki jina la watu wakali wasiopenda maendeleo. Watu hao ndio waliopoteza malisho yao huko Hanang kwa mashamba ya ngano ya umma kuanzia miaka ya 1970, na sidai kwamba neno ndilo lililowanyang'anya ardhi, ila ni rahisi zaidi kutomsikiliza mtu ambaye taifa zima linamwita adui. "Ndorobo" nalo lina historia ya namna hiyo: Wamaasai waliliita hivyo kundi lolote la watu wasio na ng'ombe, yaani maskini, na bado gazetini tunasoma habari za "Wandorobo" wa Kiteto na Simanjiro, ambao wenyewe ni Waakie.

Nisije nikaonekana nawalaumu Wamaasai peke yao. Pale Moshi wapo wanaomwita mkwe wao "kyasaka" kwa kuwa si Mchaga, na mkwe huyo anacheka mezani kisha hacheki akiwa njiani kurudi nyumbani. Nchi nzima wapo waliowaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabacholi" kwenye majukwaa ya siasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliolisikia neno hilo wakiwa wamejifungia madukani hawajalisahau. Na lipo "chotara". Wazee wetu walilitumia kwa mtoto wa wazazi wa mataifa mawili na wengine hawakukusudia ubaya. Lakini Kilimanjaro leo neno hilo kwanza ni la mifugo: ng'ombe chotara wa maziwa, kuku chotara, bei zake na chanjo zake. Mtoto aliyekulia katika boma lenye ng'ombe wa namna hiyo, akaja kuitwa hivyo hivyo na mwalimu mbele ya darasa, hahitaji kamusi imweleze amewekwa wapi. Hapa hakuna aliyepanga tusi. Matumizi mapya yalilielemea neno la zamani, nasi tukaendelea kulitamka kama zamani.

Wapo watakaosema kwamba majina yakibadilishwa kila mara tutachoka, na kwamba kubadilisha jina hakubadilishi hali ya mtu. Afrika Kusini inawapa nguvu ya hoja. Wizara iliyosimamia ubaguzi iliitwa ya "Native", mwaka 1958 ikawa ya "Bantu", na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaitwa ya mahusiano ya "wingi", na kila jina lilichafuka kwa kuwa amri za kuhamishwa na za kubeba vitambulisho vya kutembelea ziliendelea kutoka katika ofisi ileile. Jina jipya lililotolewa na mtesaji halikumfaa mtu. Lakini tunao pia mfano wa kwetu ulio kinyume chake. "Zeruzeru" lilikuwa neno la kawaida kabisa katika Kiswahili, lipo kwenye kamusi, na hadi miaka ya mwanzo ya 2000 wengi walilitamka bila kufikiri. Baada ya mauaji yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007, wenyewe walisimama wakasema wanataka kuitwa watu wenye ualbino, na magazeti, likiwamo hili, yalibadilika ndani ya muda mfupi. Mabadiliko hayo ya jina hayakwenda peke yake. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua, na tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni ni siku yao duniani. Jina walilochagua wenyewe lilikwenda pamoja na kazi, na sijasikia mhariri yeyote akilalamika kwamba lilimchosha.

Kuhusu vijana wetu wanaoandika "nigga" kwenye vioo vya nyuma vya vifodi na kuitana hivyo vijiweni, siwaiti wabaguzi. Walilipata kwenye muziki, kutoka kwa watu wenye haki ya kulitumia baina yao, kama vile ndugu wa tumbo moja wanavyoweza kutaniana kwa jina ambalo mpita njia hana ruhusa nalo. Ila kijana wa Ngarenaro anayemsalimia hivyo mgeni kutoka Atlanta, akitumaini kumwonyesha undugu, anastahili kuambiwa na sisi wakubwa, mapema na kwa upole, kwamba neno hilo huko lilitamkwa na watu walioshika kamba za kunyongea. Vivyo hivyo "mzungu". Si tusi, na anayedai ni tusi hajui Kiswahili. Lakini mtu aliyekwisha kukutajia jina lake, ukaendelea kumpigia kelele za "mzungu" kila anapopita, ana sababu ya kuona kwamba hukumsikia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la kikazi. Gazeti lako liandike Wahadzabe, Wadatoga na Waakie. Liache "chotara" kwa mifugo, na mtoto wa Mtanzania na Mjerumani liandike kuwa ni mtoto wa Mtanzania na Mjerumani, pale tu habari yenyewe inapohitaji kutaja hivyo. Neno la zamani likiwa ndani ya nukuu au ndani ya jina la chama kama KNCU, libaki. Na unapomtuma mwandishi Yaeda Chini, Hanang au Simanjiro, mpe maelekezo awaulize kwanza watu wa huko wanajiitaje, aliandike jina hilo kama wanavyolitamka wao, na kama wasomaji wa Dar es Salaam hawalijui, aongeze mstari mmoja wa kuwaeleza ni akina nani na wanaishi wapi.

Msomaji wako,
Mkufunzi wa waongoza watalii,
Sakina, Arusha